Wageni wa Mida Waaga

Kaskazi ikitulia na Kusi ikaanza kuvuma, kiasi cha mwezi wa Aprili, ndipo majahazi ya Arabuni yalipokuwa yakitweka tanga kurejea kwao. Msimu uo huo, katika hori la Mida, karibu na Watamu, ndege wa pwani nao huaga.

Yupo mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Yeye huelekea visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, akachimba shimo mchangani na kutaga yai moja, jeupe. Yupo na mdogo mwenye mdomo uliopinda, uzito wake takriban gramu 60, naye hufika hadi Siberia.

Kabla ya safari, maji yakipwa, hula kwa bidii wajiwekee mafuta mwilini. Kila warushwapo bure, hukosa kula na huitumia akiba hiyo ya njiani.

Basi, wazazi wapenzi, muwapelekapo watoto kuwatazama, simameni mbali, kivulini mwa mikoko, wala wasiwakimbize. Mgeni aagaye hupewa masurufu, hanyang'anywi.