Vidonda vya Tumbo kwa Wazee Wetu

Wazee wengi wa huku kwetu Kamuli, baada ya miaka ya kupalilia migomba na kuchuma kahawa, huumwa magoti na mgongo, nao hununua dukani diklofenaki au aspirini wakazimeza kila siku. Dawa hizi hutuliza goti, lakini hudhoofisha ute ulindao tumbo na tindikali yake. Kijana mwenye kidonda husikia tumbo likimwaka. Mzee aghalabu hasikii kitu, mpaka atokwe na choo cheusi kama lami, au aanguke kwa kizunguzungu. Hiyo ni damu ivujayo ndani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Zamani walilaumu pilipili na huzuni. Mwaka 1982 madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua kijidudu aishiye tumboni. Marshall hata alimnywa mwenyewe ili kuthibitisha! Yeye naye huleta vidonda, na dawa za hospitali humwua.

Na Ramadhani ikiingia, mzee aliyekatazwa na daktari asifunge kwa kuona haya mbele ya wajukuu: ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185.