KAZI YA MBALI KISIWANI: UTAISHI NAMNA GANI?

Kila siku malori ya shaba yanatoka Kolwezi na Fungurume, yanapita Likasi na Kasumbalesa, yanavuka Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kijana anayeyaangalia anajiuliza: "Na mimi, siwezi kufuata njia ile nitafute kazi?" Toka Dar, boti ya kasi inafika Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, kwa muda wa saa 2 hivi. Kule hoteli za watalii zinapokea wafanyakazi wengi toka Tanzania bara na Kenya. Hatusemi nenda, wala hatusemi usiende. Tunasema: anayekwenda ajue mbele maisha ya kule, na wanaobaki wajue pia. Wengi wanaweza kazi, lakini maisha ya kila siku njo yanawashinda.

KARATASI KWANZA

Visa ya kutembea siyo ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni sherti apate kibali cha kazi na cha kukaa. Mtu akikuambia, "Kuya tu, karatasi tutatengeneza kule," ogopa. Tena paspoti yako isikae katika mfuko wa mtu mwingine.

LUGHA MOJA, MANENO MBALIMBALI

Tunajisifu kwamba tunajua Kiswahili. Ni kweli, lakini kule watacheka. Ukisema, "Ninatumia bibi yangu feza," watafikiri unasaidia mama mzaa baba ao mama mzaa mama; mwenzako wa ndoa wao wanamwita mke. Ukisema, "Ninarudia ku lupango," watashangaa, kwa maana katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania lupango ni jela! Bukari wanaita ugali, na sombe wanaita kisamvu. Usikasirike. Cheka nao, halafu jifunze.

Edward Steere, mtumishi wa Mungu kutoka Uingereza, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alikuwa msomi mkubwa, lakini alisikiliza hadithi za watu wa kisiwa na kuziandika. Mwaka 1870 alizitoa katika kitabu, na mwaka ule ule akatoa kitabu cha kufundisha Kiswahili. Baadaye alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, yeye aliongoza ujenzi wa kanisa mahali pale pale. Alikufa Unguja mwaka 1882. Kama asingekubali kuwa mwanafunzi, angefundisha nani?

HEWA, CHAKULA NA MUSHAHARA

Hapa kwetu mwezi wa 6 na wa 7 tunavaa pulovere usiku. Kule ni joto, na jasho halikauki upesi. Sisi tuna majira moja ya mvua; wao wana mbili: masika, toka Machi mpaka Mei, na vuli, toka Oktoba mpaka Desemba. Wakati wa masika watalii ni wachache, na hoteli zingine zinafunga. Basi usihesabu feza ya miezi 12 kana kwamba kila mwezi ni sawasawa.

Chakula ni wali, samaki na nazi. Hata sombe wanaitia tui la nazi! Mtu wa bukari na Thomson atahitaji uvumilivu. Na yule anayefikiri amekimbia giza la Fungurume, ajue kwamba umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Waya ule uliharibika Desemba 2009, na kisiwa kilikosa umeme karibu miezi 3.

MKRISTO KATI YA WAISLAMU

Karibu watu wote wa Zanzibar ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe njiani wakati wa mchana. Vaa kwa heshima, salimu wazee. Makanisa yako, tafuta moja juma la kwanza, mbele upweke haujakutafutia marafiki wabaya.

Soma Matendo ya Mitume 28. Meli ilivunjika, Paulo akafika Malta akiwa amelowa. Wenyeji waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo hakukaa kama mkubwa. Yeye mwenyewe aliokota kuni. Alikaa kule miezi 3, akapokea wema wao, akaombea wagonjwa wao. Mgeni mwema anajua kupokea, anajua pia kutoa.

NYUMBA INAYOBAKI

Hatari kubwa kuliko bahari iko katikati ya baba na mama. Feza inayokuja bila sauti ya baba inashibisha tumbo tu. Mbele ya safari mupatane: atakaa muda gani, atatuma ngapi, simu siku gani. Mukumbuke saa yao iko mbele ya yetu kwa saa 1. Ndugu wasimfanye mama wa nyumba kuwa benki, wala wasimchunguze kama mwizi. Kanisa limtembelee, na siyo wakati wa michango tu.

NA SISI JE?

Tangu mgodi mkubwa wa Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009, watu wamekuja kwetu toka mbali. Nao wanakosa chakula cha kwao, wanakosea maneno yetu, wanahesabu siku za kurudi. Tunawacheka ao tunawafundisha? Tunawauliza habari za watoto wao, ao tunawaomba feza tu? Tukitaka mtoto wetu apokelewe vizuri kule kisiwani, tupokee vizuri mtoto wa mwingine hapa. Mungu aliagiza Waisraeli wampende mgeni, maana wao walikuwa wageni Misri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mtu wetu akienda kazi ya mbali, tutapatana mambo gani mbele?
2. Ni mgeni gani wa hapa mtaani hajaonja bado bukari yetu?