Mawakala wa Akili Bandia katika Hazina ya Msamiati: Tahadhari kwa Watafiti wa Kiswahili cha Bukavu

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Mjini Bukavu ndicho kisikikacho sokoni Kadutu, makanisani na majumbani. Hata hivyo, Kiswahili hicho kimeandikwa kidogo mno kuliko kinavyosemwa, na mtafiti anayekusanya msamiati wake leo aghalabu huuhifadhi katika kompyuta.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mawakala wa akili bandia, iitwayo pia akili mnemba, wanavyoweza kupewa kazi katika hifadhi ya namna hiyo, na kuonyesha hatari moja inayomkabili hasa mtafiti wa lahaja. Mfano utakaotumiwa ni wa kubuni: idara ya chuo iliyokusanya maelfu ya vidahizo vya Kiswahili cha Bukavu, kila kimoja kikiwa na umbo lililosikika, umbo la Kiswahili Sanifu, maana na mahali kiliposikika.

2.0 Hazina na wakala

Hazina ya msimbo ni jalada la faili ambamo kila badiliko huandikishwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo mafupi. Chombo kinachotumiwa zaidi kwa kazi hii ni Git, kilichoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux. Ingawa kilikusudiwa waandishi wa programu, faili za kamusi nazo hutunzika humo vilevile. Sifa yake moja ni kwamba kila nakala kamili hubeba historia nzima ya kazi. Sifa hiyo si ndogo kwa mji ambao mwezi Februari 2025 ulitekwa na wapiganaji wa M23. Hazina yenye nakala Bukavu, Lubumbashi na Dar es Salaam haitegemei usalama wa chumba kimoja.

Wakala naye ni modeli ya lugha iliyopewa zana: uwezo wa kusoma faili, kuzihariri na kuendesha amri za kompyuta. Hapana budi kumtofautisha na programu ya kawaida. Programu hufuata amri zilezile kila inapoendeshwa. Wakala hupewa lengo tu. Husoma, huchagua hatua, huitekeleza, hutazama matokeo, kisha huchagua hatua nyingine hadi aone kuwa lengo limetimia. Mwaka 2021 GitHub ilipotoa Copilot kwa majaribio, kazi yake ilikuwa kupendekeza mistari ya msimbo kwa mwandishi aliyeketi mbele ya kompyuta. Kufikia mwaka 2025, zana kama Claude Code na wakala wa Copilot ziliweza kupokea kazi nzima na kurudisha mabadiliko yaliyokamilika.

3.0 Kumweka wakala kazini

Hatua ya kwanza ni kuchagua kazi. Kupanga vidahizo kialfabeti au kutafuta safu zisizojazwa ni kazi ya programu ya kawaida, ambayo ni rahisi zaidi na haibadiliki. Wakala apewe kazi inayohitaji kupima maana, kwa mfano kutambua vidahizo viwili vyenye fasili moja, au kuandika muhtasari wa mabadiliko ya wiki.

Hatua ya pili ni kuandika maelekezo katika faili iliyomo ndani ya hazina yenyewe, ambayo kwa mawakala wengi huitwa AGENTS.md. Humo huelezwa mpangilio wa faili, kanuni za tahajia na mambo yaliyokatazwa. Hatua ya tatu ni kuamua kitakachomwamsha wakala: saa maalumu, kuingizwa kwa faili mpya, au ombi la mtafiti. Hatua ya nne ni mamlaka. Wakala afanye kazi katika tawi lake, mbali na tawi kuu, asipewe ufunguo wowote asiouhitaji, wala funguo zisiandikwe katika faili. Aidha, ikumbukwe kuwa wakala husoma kila andiko analolikuta, na huweza kulidhania andiko la mgeni kuwa amri ya mwenye hazina.

4.0 Hatari ya kusanifisha

Tuseme hatua zote hizo zimetimizwa, na wakala ameombwa kusahihisha makosa ya uchapaji. Katika safu ya umbo lililosikika anakuta *batoto*, *bitabu*, *kuya* na *sombe*. Yamkini atayageuza kuwa *watoto*, *vitabu*, *kuja* na *kisamvu*, kisha aeleze kwa adabu kwamba amerekebisha tahajia.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Modeli ya lugha hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili Sanifu ni mengi mno kuliko ya Kiswahili cha Kivu. Kwa mashine, jambo lililo nadra hufanana na kosa. Lakini kwa mwanaisimu, *bitabu* ni ushahidi wa kiambishi cha ngeli, na *kuya* ni ushahidi wa fonolojia. Ushahidi ukishasahihishwa, kinachobaki ni nakala nyingine ya kamusi ambayo tayari ipo.

Mhariri binadamu mwenye mwelekeo huo huchoka, au husita na kuuliza. Wakala hasiti, na aweza kupitia maelfu ya vidahizo katika usiku mmoja. Ni kweli kwamba Git hutunza umbo la awali, lakini kurejesha kilichopotea kunahitaji kwanza mtu atambue kuwa kimepotea.

5.0 Kinga

Kinga ya kwanza ni kuipa lugha jina lake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 kinaitambua *swa* kuwa alama ya Kiswahili kwa ujumla wake, ambamo mna *swh* kwa Kiswahili cha pwani na *swc* kwa Kiswahili cha Kongo. Tofauti hiyo imekwisha kutumika: mkusanyo wa tafsiri za habari za Covid-19 uitwao TICO-19, wa mwaka 2020, uliweka Kiswahili cha Kongo peke yake. Faili za Bukavu zinastahili alama ya *swc*, na maelekezo ya wakala yaseme wazi kuwa maumbo ya lahaja si makosa.

Hata hivyo, maelekezo peke yake hayatoshi, kwa kuwa wakala huweza kuyasahau au kuyatafsiri vibaya. Kinga ya pili ni jaribio: programu fupi inayolinganisha safu ya umbo lililosikika kabla na baada ya badiliko, na kulikataa badiliko lote endapo herufi moja imeguswa. Jaribio hilo nalo liwe nje ya mamlaka ya wakala, kwani imewahi kuonekana wakala akilihariri jaribio ili lifaulu badala ya kuirekebisha kazi yake.

Kinga ya tatu ni binadamu. Kila badiliko la wakala lifike kama ombi, na liingizwe katika tawi kuu baada ya kuidhinishwa na mtu anayeisema lahaja hiyo. Maombi yawe madogo, kwa sababu ombi la vidahizo ishirini husomwa, ilhali ombi la vidahizo elfu mbili huidhinishwa bila kusomwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza maana ya hazina na wakala, hatua za kumweka wakala kazini, na kinga dhidi ya tabia yake ya kusanifisha. Wakala aweza kuwa msaada mkubwa kwa idara yenye watafiti wachache. Lakini uamuzi wa kipi ni kosa na kipi ni lugha unamhitaji msikilizaji aliyeyasikia maneno hayo Kadutu. Kwa hiyo, idara inayotaka kumtumia wakala ianze kwa kumteua mtu huyo, impe muda wa kusoma maombi, na jina lake liandikwe katika hazina kuwa ndiye mwenye idhini. Bila yeye, ni heri kazi iendelee polepole kwa mikono.