Jiko la Mkaa Chumbani na Hatari Nyingine za Moto na Umeme Wakati wa Kipupwe

Nakapanya, iliyo kando ya barabara itokayo Tunduru kwenda Mangaka mkoani Ruvuma, haipati baridi kali kama ya Makete au Njombe. Hata hivyo, kuanzia Juni hadi Agosti usiku hupoa kiasi cha kuwafanya watu wasogee karibu na moto, na wengine huuingiza moto wenyewe ndani. Jiko la mkaa lililopikiwa ugali jioni huhamishiwa chumbani, mlango ukafungwa, watoto wakalala. Hatari kubwa kuliko zote za msimu huu huanzia hapo, nayo haionekani wala hainuki.

Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na hutoa nyingi zaidi hewa inapokuwa haba. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua. Wengi huamini kuwa mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi, hauna madhara. Si kweli: moshi umekwisha, gesi inaendelea kutoka. Nyumba ya kisasa ya matofali, yenye dari na madirisha ya vioo, ni hatari zaidi katika jambo hili kuliko ile ya nyasi, kwa kuwa haina mianya ya kupitishia hewa.

Mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika mkoa wenye malaria, dalili hizo huelekeza mawazo kwenye malaria mara moja. Hata kipimo cha haraka kikionyesha vimelea, jambo hilo halikanushi sumu ya gesi. Yafaa mhudumu aulize maswali mawili: je, kulikuwa na jiko chumbani, na je, wengine waliolala humo wanaumwa vilevile? Kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kisimpumbaze, maana hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Namba huweza kuonekana nzuri huku mgonjwa akizidiwa. Tiba ni kumpeleka kwenye hewa safi na kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni, takriban saa 1 hadi 1 na nusu. Mjamzito apewe rufaa hata akijisikia nafuu, kwa sababu mtoto tumboni huathirika zaidi na sumu humtoka polepole zaidi.

Moto wa wazi una waathirika wake pia. Watoto huanguka motoni, na vivyo hivyo wenye kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya kuungua, na watu walioogopa kumgusa mwenye degedege kwa kudhani kuwa ugonjwa huambukiza. Kifafa hakiambukizi, mtu huyo avutwe kutoka motoni mara moja. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, unga wala mafuta, kisha mgonjwa afunikwe sehemu nyingine za mwili asipate baridi.

Umeme nao umeongeza mazoea mapya, hasa hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Hita hiyo ichomolewe ukutani kabla ya mtu kutia mkono ndani ya ndoo, si kuzimwa tu. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Hita ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 katika waya mmoja wa kuongezea tayari zimevuka kiwango. Fyuzi iliyoungua ikibadilishwa kwa kipande cha waya wa kawaida, kinga yote imeondolewa, na waya wa ukutani ndio utakaoungua badala yake.

Moto wa umeme ukizuka, swichi kuu izimwe kwanza ikiwa inafikika. Maji yasimwagwe mahali penye umeme. Aliyenaswa asiguswe kabla umeme haujakatwa. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.