Gari Lililochemka Siku ya Barafu



Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumzie jambo linaloigusa mifuko ya wengi wetu wenye magari makuukuu, nalo ni maji ya injini. Kosa tutakalolieleza tulilitenda wenyewe, ilhali sisi ndio tuliopaswa kulijua kuliko wengine.

Ijumaa moja ya Januari tuliondoka hapa Farsta kuelekea msikitini Medborgarplatsen, katika Volvo 240 yetu, gari la aina iliyoacha kuundwa mwaka 1993. Baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tulipokuwa Nynäsvägen, kabla ya kufika Gullmarsplan, hita ikaanza kupuliza upepo wa baridi. Punde mshale wa joto ukapanda hadi kwenye wekundu. Tukaegesha pembeni na kuzima injini. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti. Mjukuu wetu wa miaka kumi na miwili akauliza, "Babu, gari linachemkaje na kila kitu nje kimeganda?" Kabla hatujajibu, akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha tangi la maji. Tukamvuta kwa ukosi wa koti lake.

Swala ya Ijumaa ilitupita siku ile. Gari lilivutwa hadi gereji ya kijana mmoja mzaliwa wa Mombasa. Aliipapasa rejeta, akasema, "Mwalimu, rejeta imeganda. Ulitia maji matupu?"

Ndivyo tulivyofanya. Tangu mwezi wa Juni maji yalikuwa yakipungua kidogo kidogo, nasi kila wiki tukiongeza glasi moja ya maji ya bomba, kama tulivyozoea pwani. Kule maji matupu hayamgandi mtu injini. Hapa kila glasi ilizidi kuipunguza nguvu glaikoli, yaani ile dawa ya kuzuia kuganda. Mchanganyiko wenye nusu maji na nusu glaikoli hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukibaki na robo tu ya glaikoli, huanza kuganda karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri. Wala msidhani glaikoli tupu ndiyo bora zaidi, kwani hiyo huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Nguvu imo katika kuchanganya.

Sasa jibu la mjukuu. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia, maji yakazunguka ndani ya injini tu bila kupita katika rejeta. Yakifikia nyuzi 87 au 92, kwa kutegemea themostati iliyofungwa, mlango hufunguka ili maji ya moto yaende kwenye rejeta kupoa. Lakini rejeta yetu, iliyokuwa ikipigwa na upepo wa barabarani, ilikuwa imejaa barafu. Joto likakosa pa kutokea, maji yaliyobaki injini yakachemka. Na maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa takriban sehemu 9 katika 100. Hupasua rejeta, na hata chuma cha injini. Somo hilo tulilifundisha miaka mingi kwa wanafunzi ambao barafu waliyoijua ni ile ya kuhifadhia samaki. Tulilifundisha ubaoni, tukalisahau barabarani.

Gari lililazwa ndani penye joto usiku kucha. Asubuhi rejeta ilionekana imepasuka kwenye ungio. Injini, alhamdulillahi, ilikuwa salama. Na chanzo cha yote kilikuwa ufa mwembamba katika mpira wa maji wa chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliununua ukuta kwa bei ya rejeta mpya.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, msikimbilie kubadilisha vipuri. Anzeni kwa kutazama.

Kwanza, injini ikiwa baridi, tazameni kiasi cha maji katika tangi jeupe la plastiki. Yakipungua, yanakwenda mahali. Kagueni mipira, rejeta, pampu na sakafu ya maegesho. Zulia la mbele likiwa bichi na vioo vikifanya ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Pili, mshale ukiwa juu na mpira wa juu wa rejeta ungali baridi, themostati imekwama imefunga, au rejeta imeganda kama yetu. Zimeni injini kabla ya kuugusa. Hita isiyopata joto kamwe, ingawa maji yamejaa, mara nyingi ni themostati iliyokwama wazi.

Tatu, gari likichemka katika foleni na kupoa likikimbia, shukuni feni. Likichemka likikimbia kwa kasi, shukuni rejeta iliyoziba.

Nne, moshi mweupe usiokoma, mapovu katika tangi, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili za gasketi ya silinda hedi. Hapo msiendeshe, mwiteni fundi.

Mkishatengeneza, jazeni mchanganyiko wa nusu kwa nusu huku hita imewekwa kwenye moto, acheni injini ipate joto hadi hewa itoke, kisha likipoa tazameni tena na muongeze. Kila Oktoba pimeni kwa kipimo cha glaikoli. Ni kitu cha bei ndogo.

Mambo mawili yahusuyo watoto tunayasisitiza. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa hububujika na kuunguza uso. Na glaikoli ni sumu yenye ladha tamu: mtoto au paka huilamba bila kusita. Isiwekwe katika chupa ya soda, isimwagwe mferejini. Ipelekeni kwenye kituo cha manispaa cha taka, återvinningscentral.

Mjukuu wetu ndiye mpimaji sasa. Oktoba iliyopita alisoma kipimo, akaandika namba kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti: chini ya sifuri, 36. Tumemruhusu afungue kifuniko, baada ya kuweka kiganja juu ya injini na kuthibitisha kwamba imepoa.

Wabillahi tawfiq.