Chachu ya Ugenini

Mtu atokaye kwao kwa kuikimbiza roho yake hana wasaa wa kuchagua atakachobeba, na miongoni mwa vitu vinavyosalia nyuma ya mlango, chachu ya jikoni ni kimojawapo, ijapokuwa bila yake mama wa nyumba hawezi kutengeneza unga wa muhogo wala togwa kwa namna aliyofunzwa na waliomtangulia. Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972, na ambao serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika misitu ya miombo ya wilaya ya Mpanda, leo mkoa wa Katavi, kwanza katika makazi ya Katumba na baadaye, mwaka 1978, katika makazi ya Mishamo, waliyaanza maisha ya ugenini kwa jembe na shoka. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage na muhogo. Chachu haikuhitaji kugawiwa na mtu, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kujibanza katika ganda la muhogo wenyewe.

Muhogo mchungu una sumu. Ndani yake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho, muhogo ukatwapo au upondwapo, hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho, na matokeo yake ni sianidi. Katika miaka ya 1980 huko Tarime, nchini Tanzania, ukame ulipowafanya watu wale muhogo mchungu kabla haujatayarishwa vyema, kulizuka konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafula na yasiyo na tiba. Kwa hiyo kuvundika muhogo, yaani kuuacha uchachuke ili sumu hiyo ipungue, si suala la ladha peke yake, bali ni hifadhi ya uhai.

Na kuvunda kwenyewe, aghalabu, huonekana mara ya kwanza kama hasara. Vipande vya muhogo uliomenywa vikisahauliwa majini kwa siku tatu, maji hugeuka kuwa mazito na meupe, mapovu madogo hujipanga ukingoni mwa chombo, na harufu kali kama ya maziwa ya mgando hukupokea kabla hujainama. Asiyejua humwaga. Ajuaye hubonyeza kipande kwa kidole, na kidole kikizama bila kupingwa, huvitoa vipande vyote, huondoa nyuzi za katikati, huviponda, huvianika juani, kisha husaga unga mweupe. Hicho ndicho kivunde, chakula kinachojulikana Burundi na Tanzania pia. Mwenye busara hubakiza vipande viwili vitatu vilivyolainika, au kata moja ya maji yale, akavitia katika muhogo mpya, nao huvunda upesi na kwa yakini zaidi kuliko ule wa kwanza uliovunda kwa bahati. Wataalamu waliokichunguza kivunde na kutangaza kazi yao mwaka 2000 walifanya jambo hilo hilo kwa vyombo vya maabara: walitenga bakteria aliyeitwa wakati huo Lactobacillus plantarum, wakamtumia kuwa kianzio, na sianidi ikapungua kwa kiasi kikubwa. Naona ni dhuluma kwamba maarifa ya namna hii, kwa sababu yamekaa mikononi mwa wanawake na si vitabuni, huhesabiwa kuwa mazoea tu.

Uji una kanuni yake, nayo yataka hadhari. Moto huua karibu kila kilichokuwa hai katika unga, hivyo ugali au wali uliopikwa ukachacha wenyewe mezani usiaminiwe, kwa kuwa huenda aliyeingia humo ni mdudu wa maradhi. Togwa hufuata njia nyingine: uji hupikwa, huachwa upoe, ndipo hutiwa kimea cha ulezi, ambacho huulainisha uji na wakati huo huo huleta vijidudu vya kuuchachua. Ukali ukishapanda, vijidudu vingi viletavyo kuhara hushindwa kuishi. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na mtafiti mwenzake Ulf Svanberg, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wa Tanzania waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara kwa nadra zaidi.

Basi mtu wa Mpanda aliyeko ugenini leo, Copenhagen au Muscat, akikuta bakuli la unga mbichi wa vitumbua, uliokorogwa kwa maji matupu na kusahauliwa, limeanza kutoa mapovu, asilimwage. Achote vijiko viwili, aongeze unga usiokobolewa na maji kwa uzito sawa, afunike kwa kitambaa. Kila siku apunguze nusu na kulisha upya. Siku za mwanzo donge huweza kuumuka kwa kishindo na kunuka vibaya, kisha likanyamaa kana kwamba limekufa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ilhali kilichotukia ni kwamba wageni wa kwanza wamefukuzwa na ukali, nao wenyeji wa kudumu, yaani bakteria wa uchachu na hamira za asili, wanajikusanya. Likiota ukungu, au likiwa na rangi ya waridi, litupwe lote. Likiwa zima, baada ya wiki moja au mbili litaumuka mara mbili ya kimo chake kila lilishwapo. Vijidudu hivyo hutoka zaidi katika unga wenyewe, na kwa hiyo aliyepelekewa ulezi kutoka nyumbani huvikaribisha vya ulezi huo, hata kama nje ya dirisha kuna theluji.

Baridi huchelewesha mambo: donge likae karibu na jiko, au, likitakiwa kungoja, katika jokofu likilishwa mara moja kwa wiki. Mkate uliotiwa donge hilo huachwa uumuke usiku kucha, kisha huokwa katika sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko, baada ya kijiko kimoja cha donge kutengwa kwa ajili ya mkate unaofuata.