Je, Wajua? Seli ya Neva Hujiua Ikinyimwa Protini

Mnyama anapoumbwa, tumboni au ndani ya yai, mwili wake huzalisha seli za neva kupita mahitaji. Katika sehemu nyingi za mfumo wa neva, karibu nusu ya seli hizo hufa, na mnyama huzaliwa mzima wa afya. Ipi ife, ipi ibaki? Kila seli hurefusha uzi wake hadi kwenye kiungo itakachokihudumia, na kiungo hicho hutoa protini ya kukuza neva, tena kwa uchache. Inayoipata huishi.

Walioitambua protini ya kwanza ya aina hiyo, miaka ya 1950 huko St. Louis, Marekani, ni Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliotunukiwa Nobel mwaka 1986. Levi-Montalcini alikuwa Myahudi wa Italia. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilipomfungia milango ya chuo kikuu, aligeuza chumba chake cha kulala mjini Turin kuwa maabara na kuchunguza viinitete vya kuku.

Jaribio lake linalonistaajabisha kuliko yote ni lile la kuinyima neva protini hiyo. Mwaka 1960, yeye na Barbara Booker waliwadunga panya wachanga kingamwili zinazoizuia isifanye kazi. Vifundo vya neva za simpathetiki, zile zinazoharakisha mapigo ya moyo mnyama anaposhtuka, vilikaribia kutoweka kabisa. Viungo vingine viliendelea kukua.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba seli hizo hufa kwa njaa tu. Mwaka 1988 watafiti wa St. Louis walizikuza neva za panya kwenye vyombo vya maabara, wakaziondolea protini hiyo ya kukuza neva, kisha wakazizuia zisitengeneze protini mpya za ndani. Ajabu, hazikufa! Kumbe seli iliyonyimwa hutengeneza yenyewe nyenzo za kujiua, na ikizuiwa kuzitengeneza huendelea kuishi.

Binadamu nao wamo. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya kipokezi cha protini hii. Protini ipo, lakini neva haziipokei, hivyo zile za maumivu na zile zinazoamuru jasho hufa mapema. Watoto hao huuma ndimi zao na kuvunjika mifupa bila kuhisi uchungu, na kwa kuwa hawatoki jasho, joto la mwili linaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha yao.